Pikipiki Tatu na Maziwa ya Nafiso

Habaryar Nafiso hajawahi kushika usukani wa pikipiki hata siku moja. Lakini mfungulie jerikani ya maziwa ya ngamia, atie pua yake pale mdomoni, atakuambia maziwa yamebebwa na pikipiki gani, yamepita njia ya juu au ya laga, ule mto mkavu wenye mchanga, na kama aliyeyabeba ana akili au hana. Nimekaa naye kwenye kibanda chake hapa sokoni Garissa miaka mitatu sasa. Ni mdogo wake mama yangu, ndiyo maana namwita habaryar. Kazi yangu ni kuosha vikombe, kufukiza mitungi kwa moshi wa kuni, na kumchunga binti yangu Hani asile mchanga. Kwa hiyo nina muda mwingi wa kutazama, na niliyoyaona mwaka huu mengine yamenitia kinyaa hadi leo.

Yeye alizaliwa malishoni, upande wa Sangailu, kwenye ng'ombe. Ukame ulipowamaliza ng'ombe akaja mjini na mtungi mmoja na watoto wawili. Akaanza kuuza maziwa ya ngamia ya watu wengine. Wakati huo maziwa yaliletwa kwa punda, halafu kwa lori, yamefungwa juu ya mizigo, na yeye mwenyewe amekaa huko juu kuyalinda. Pikipiki zilipokuja akashukuru Mungu, kwa kuwa maziwa yaliyokamwa alfajiri yalianza kufika kabla ya adhuhuri. Haikuchukua muda akajua kwamba pikipiki nayo ina ubaya wake. Maziwa yanayorushwarushwa kwenye joto yanafika yamekuwa povu. Si mabichi, na si susa pia. Susa yamechachuka kwa utaratibu wake, mtu anayanywa na kushiba. Yale mengine yananuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni, na hakuna wa kumpa ila paka, na paka mwenyewe anafikiri kwanza.

Mbele ya kibanda chetu kuna stendi ya pikipiki. Wanaume wanakaa hapo kutwa nzima na miraa shavuni, wakibishana pikipiki ipi inashinda ipi. Hii inaruka, ile inaogelea mchangani, nyingine ukiifinya tu umefika Liboi. Kisha wanatema mate ya kijani karibu na vikombe nilivyovianika. Nilikuwa nasikiliza na kujiuliza ni lini mmoja wao atauliza aliyekaa nyuma anasikiaje, au mzigo unasikiaje. Hakuna aliyeuliza. Kwao pikipiki ina mtu mmoja tu, naye yuko mbele.

Mwaka huu akina mama wa chama cha maziwa, wanawake ishirini na wanane, waliamua kununua pikipiki yao wenyewe. Walikuwa wamechoka kuletewa povu. Walikuwa na uwezo wa kununua moja tu, na wakikosea hapo hawangepata nyingine kwa miaka. Lul, mwenyekiti wao, akasimama katika kikao akasema Nafiso ndiye atakayechagua, na atakayoisema ndiyo hiyo hiyo. Habaryar hakufurahi. Usiku ule aliniambia kwamba akichagua vibaya, wanawake ishirini na wanane watamwaga maziwa kwa ajili ya pua yake, na hatakuwa na uso wa kukaa sokoni.

Kulikuwa na la pili lililomkalia moyoni. Hirsi, mwanawe wa mwisho, aliendesha pikipiki nyekundu ya Abdirizak, mfanyabiashara mwenye duka la pikipiki. Abdirizak alikuwa amemwahidi kwamba chama kikinunua nyekundu, Hirsi atakuwa dereva wake, na yeye mwenyewe atamsaidia apate yake. Kila mtu alijua. Hirsi alianza kumletea mama yake tende na sabuni nzuri, na mara tatu aliniuliza habaryar yuko katika hali gani leo.

Basi habaryar akaamua kupanda mwenyewe pikipiki zote tatu ambazo chama kilifikiria kununua, nyekundu ikiwamo. Alikaa upande, kama wanawake wa kwetu wanavyokaa, akaweka jerikani tupu katikati yake na dereva kama si mwanawe, na juu ya mapaja akapakata dhiil, kile chombo chetu cha kusuka cha maziwa, kimejaa nusu. Nusu ndiyo inayosema, aliniambia. Chombo kilichojaa kinanyamaza. Alifumba macho njia nzima akisikiliza maziwa yanavyogonga ukuta wa chombo.

Ya kwanza ilikuwa ya bluu, ndogo na nyembamba, wanaiita Panzi. Dereva wake ni Salah. Kwenye ardhi ngumu inakimbia vizuri, inageuka mahali padogo, inapenya kati ya miti ya mathenge bila kumchana mtu kwa miiba. Ikifika mchanga laini, gurudumu la mbele linaanza kutafuta njia yake lenyewe, na Salah anapiga miguu chini kulia na kushoto kama mtu anayefukuza kuku. Akitoa upepo kidogo kwenye matairi inatulia. Lakini akitoka mchangani akasahau kuujaza tena, inayumba barabarani hadi mtu anasoma shahada. Na mvua ikinyesha, udongo mweusi unajaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka inakataa kuzunguka. Habaryar aliposhuka alisema hii inafaa kubebea barua.

Ya pili waliiita Kobe. Ni ya kijivu, pana, fupi, yenye kiti kirefu kama benchi la shule. Dullo, Mborana aliyetoka upande wa Wajir, ndiye dereva wake, na haongei sana, labda kwa sababu hakuna anayemsifu. Kuigeuza Kobe ni lazima uombe nafasi kwa majirani. Ekzosi yake imetuchoma miguu sote. Kwenye ukingo wa laga inapanda kwa gia ya kwanza, inalia kama mgonjwa, na ikifika juu Dullo anaisimamisha ipoe. Lakini mgongo wake haurushi mtu. Ikiingia shimo inashuka polepole na kupanda polepole, kama mama anayembembeleza mtoto aliyekaribia kulala. Mchangani inalala kama mkeka. Nilimwona habaryar akirudi nayo, macho bado ameyafumba, nikadhani amesinzia.

Ya tatu ni nyekundu. Siwezi kusema uongo, ni nzuri kuitazama. Imesimama juu, matairi yana meno, na ikiwa na dereva peke yake inapanda ukingo wa laga kabla hujamaliza bismillahi. Lakini weka mzigo nyuma. Pua yake inakuwa nyepesi, gurudumu la mbele linagusa mchanga kidogo tu, na usukani hauna kazi tena. Nyuma inapiga mateke kama punda. Na kwa kuwa kerieri yake iko juu, jerikani zinabembea, zikibembea na pikipiki nayo inabembea, na dereva anaongeza mwendo ili isianguke, na akiongeza mwendo ndivyo zinavyobembea zaidi.

Hirsi alimpakia mama yake kwenye hiyo. Walipokuwa wanarudi akaona wenzake wa stendi wanatazama, akainua gurudumu la mbele. Na mama yake nyuma, mwanamke wa miaka hamsini na nne, amekaa upande. Alimshika shati kwa mikono miwili na dhiil ikaanguka. Aliposhuka alitembea hadi nyuma ya mathenge akatapika. Nilimpelekea maji, nikampangusa mdomo kwa ncha ya mtandio wangu. Kule stendi walikuwa wanacheka. Hirsi naye alikuwa anacheka, anawaambia mama amezoea punda.

Habaryar akamwambia Lul kwamba ameshajua, ni Kobe. Habari ikafika dukani kwa Abdirizak kabla ya alasiri, naye akaja mwenyewe, na manukato yake, na fundo la miraa limevimbisha shavu. Akaongea na akina mama kwa sauti ya kuwahurumia. Alisema pikipiki inapimwa na mafundi, kwamba mwanamke anayeogopa mwendo hawezi kupima mwendo.

"Mama Nafiso, nakuheshimu," akasema, "lakini makalio si mizani."

"Haya yangu yamekalia punda, lori na bikibiki miaka ishirini," habaryar akamjibu. "Ya kwako yamekalia kiti cha duka, na bado yanauma."

Wanawake wakacheka mpaka Lul akajifunika uso. Lakini Abdirizak hakuondoka. Akasema kama ni hivyo maziwa yenyewe yaamue. Zizi moja la ngamia, maziwa ya asubuhi moja, mitungi iliyofukizwa na mkono mmoja, njia moja, pikipiki zote tatu. Yatakayofika mazuri ndiyo yatakayoshinda. Hilo lilikuwa neno la haki na habaryar hakuweza kulikataa. Mimi ndiye niliyefukiza mitungi ile sita, Jumatatu jioni, mpaka macho yakaniwasha.

Jumanne ilikuwa siku ya joto baya, hewa haina hata pumzi. Akina mama walikuwa wamekaa kivulini wakingoja. Nyekundu ilifika ya kwanza, saa nne haijatimia. Hirsi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu. Panzi ikafuata baada ya muda. Kobe ilichelewa sana, hadi Abdirizak akauliza kama Dullo amesimama njiani kuoa.

Tukafungua. Maziwa ya Panzi yalikuwa na povu la vidole vinne, na chini yake yameanza kubadilika. Hayo hatukuyabishania. Ya Kobe yalikuwa mazuri, yametulia, ila yalikuwa na uvuguvugu na mwanzo mdogo wa uchachu, ule wa kawaida wa saa ile kwa jua lile. Kisha tukafungua ya nyekundu. Meupe, yametulia, kama ngamia amekamwa hapo hapo nyuma ya kibanda. Lul alionja, akaonja tena, akaguna. Wengine wakaonja. Mmoja akasema mashallah. Abdirizak alikuwa anageuza tasbihi yake kidoleni na kumtazama habaryar.

Nilimtazama habaryar. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Miaka ishirini ya pua yake, mbele ya watu wote, imemdanganya. Hakuwa ameonja bado. Alikuwa ameinama juu ya mtungi tu, ananusa, anainuka, anainama tena.

Hani alikuwa analia njaa. Nikammiminia kidogo kwenye kikombe chake, katika yale yale ya nyekundu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanasifiwa. Nilipokuwa nainua kikombe nikakutana na macho ya Hirsi. Aliona kikombe, akaona mtoto. Hani anamjua, anamwita kwa jina, yeye ndiye anayemrusha juu na kumdaka. Hirsi akageuka akaanza kufuta kioo cha pikipiki kwa mkono wa shati. Kioo hakikuwa na kitu.

Wakati huo huo niliona jambo jingine. Vikombe vya Panzi vilijaa nzi, vya Kobe vilijaa nzi, mezani nzi, machoni mwa Hani nzi. Kwenye mtungi wa nyekundu hawakutua. Walikuja, wakazunguka, wakaenda. Nililiona, lakini akili yangu ilichelewa, mkono ulikuwa bado unapanda.

Mkono wa habaryar ukashuka juu ya kikombe ukakifunika. Hakukipiga wala hakupiga kelele. Alikichukua tu mkononi mwangu, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akatema tena. Halafu akasimama akamwendea mwanawe na kile kikombe kidogo cha plastiki chenye picha ya bata.

Kwetu aliyeleta maziwa hunywa kwanza. Mgeni akikuletea, mchungaji akikuletea, hata mwanao, anakunywa kidogo mbele yako, ndipo na wewe unakunywa. Ni adabu ya zamani, na sokoni tumeiacha kwa sababu ya haraka. Habaryar hakuwa ameiacha, alikuwa ameisahau kwa furaha ya kumwona mwanawe amefika salama.

"Kunywa," akamwambia.

Hirsi akasema ameshiba. Akasema maziwa ni ya watu, si yake. Habaryar akamgeukia Abdirizak, akamnyooshea yeye.

"Mimi nimefunga," Abdirizak akasema.

Lul akamtazama shavu. "Na hiyo miraa, Abdirizak, imefunga nawe?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Abdirizak akasema hana muda wa kukaa na wanawake, akaanza kukusanya kanzu yake. Habaryar akarudisha kikombe kwa Hirsi. Akasimama hapo, amekinyoosha. Hirsi alikipokea. Alikiinua hadi karibu na midomo, nami nikamwomba Mungu anywe, kwa sababu kama angekunywa ningeweza kujiambia macho yangu yamekosea. Akakiweka mezani.

"Ni kifuniko kimoja tu kwa mtungi, hooyo," akamwambia mama yake kwa sauti ya chini. "Dawa ya kuoshea vidonda. Wengine wanatia kila siku, watu wanakunywa, hakuna aliyekufa."

"Hani ana mwaka mmoja na nusu," habaryar akasema.

"Nilijua utamzuia."

Hapo ndipo kinyaa kiliponiingia. Si dawa iliyonitia kinyaa, wala uongo, uongo tumeuzoea sokoni. Ni hilo neno. Kwamba alisimama pale akifuta kioo, amemwachia mama yake mwenye pua hiyo kazi ya kumwokoa mtoto. Nilimkumbatia Hani nikampangusa midomo ambayo haikuwa imegusa kitu. Nilimpangusa mpaka akalia. Hadi leo nikinusa dawa ile, hata hospitalini, hata kwenye kidonda cha mtu mwingine, mate yananijaa mdomoni nami lazima nitoke nje.

Habaryar hakumtukana. Aliuliza tu wapi, naye akaeleza. Kwenye laga pikipiki ilimwangusha mara mbili, maziwa yalikuwa yamepigwa mpaka yanatoka kwa kifuniko, akaogopa. Alisimama chini ya mathenge akangoja povu litulie, akatia dawa aliyopewa na Abdirizak tangu jana yake, kama akiba, endapo yangeharibika. Basi nyekundu ilikuwa imefanya vile vile alivyosema habaryar. Akina mama walielewa bila kuambiwa. Lul akaagiza Kobe hapo hapo, na akamwambia Dullo, aliyekuwa bado anakunywa maji ya kwanza tangu alfajiri, kwamba dereva ni yeye. Dullo akauliza kama anaweza kumaliza maji.

Ilibaki mitungi miwili ya nyekundu, yenye maziwa ya dawa. Maziwa kwetu hayamwagwi. Mtoto akiyamwaga kwa bahati mbaya mama yake anasema astaghfirullah, na bibi yangu aliyagusa yaliyomwagika kwa kidole akajipaka kwenye paji la uso. Habaryar hakutaka yamwagwe sokoni watu wakayakanyaga, na hakutaka mbuzi wanywe. Akachukua jembe, akamwambia Hirsi abebe mitungi. Tukatoka hadi nje ya nyumba za mwisho, penye mchanga. Akampa jembe. Hirsi alichimba na viatu vyake vizuri, jua liko utosini, mama yake amesimama juu yake akimwambia bado, bado, mpaka shimo likamfika magotini. Habaryar akamimina yeye mwenyewe, taratibu, midomo inasoma. Akatupa na mitungi juu yake. Niliifukiza mimi, lakini sikusikia uchungu. Hata kwa maji ya kufulia nisingeitumia.

Hirsi bado anakaa kwa mama yake. Yeye ni mwanawe, atamfukuza aende wapi. Anaendesha nyekundu kubeba abiria, na wale wa stendi bado wanasema inaruka. Jioni anarudi, anaketi mkekani, habaryar anamwekea chakula na kikombe cha chai. Chai ni ya rangi. Sisi wengine tunapewa ya maziwa, yaliyoletwa na Kobe mchana, na Hani anapewa kikombe chake kimejaa. Mwezi wa kwanza Hirsi aliuliza kama maziwa yameisha. Habaryar alimwambia hayajaisha. Tangu hapo hajauliza, anainua kikombe chake cha chai ya rangi na kunywa, na mama yake anamtazama mpaka amalize.